Apdeti isiyotoa salamu: kuishi na masasisho makubwa kwenye intaneti ya kusuasua

Mama mmoja aliingia steshenari kwetu, Ngamiani hapa Tanga, saa tatu asubuhi akiwa na mwanawe. Kijana alikuwa anaomba kazi na dirisha la maombi lilikuwa linafungwa siku hiyo hiyo saa sita usiku. Nikamwamkia, nikawakaribisha kwenye benchi, nikawasha kompyuta ya kwanza. Kiduara kikaanza kuzunguka, chini yake asilimia 27. Tukasubiri. Robo saa, bado 27. Mama akavuta mtandio wake vizuri, akaniuliza kwa upole: "Mwanangu, hiyo mashine inasali?"

Nikamwambia inajisasisha, mama.

"Basi sala gani hii isiyotoa salamu?"

Kompyuta ya pili iliwaka bila matatizo, ila haikuwa na intaneti. Bando la wiki nililonunua juzi yake lilikuwa limekwisha usiku, sisi tumelala. Mashine tatu zilizoachwa zimewashwa zilikuwa zimeshusha apdeti ile ile, kila moja nakala yake, huku zinanyang'anyana kamtandao kale kale. Faili moja nililinunua mara tatu, na mwisho wa yote ni mashine moja tu iliyomaliza kulishusha. Fomu ya kijana tuliijaza kwa intaneti ya simu yake mwenyewe, na aibu yangu.

Tangu hapo duka linaendeshwa kwa kanuni moja: faili kubwa lipite mlangoni mara moja, kwa saa ninayoitaka mimi, kisha lizunguke humu ndani bila kugusa bando. Hatua zote zilizo hapa chini zinatoka kwenye kanuni hiyo. Zinamfaa mwenye steshenari, mwalimu wa maabara ya kompyuta ya shule, na hata mwenye laptopu moja na simu mbili nyumbani. Majina ya vitufe nimeyaacha kama yanavyoonekana kwenye skrini, maana kompyuta nyingi za huku zinazungumza Kiingereza, na ukiyatafuta kwa Kiswahili hutayaona.

Hatua ya 1: Jua mtandao wako unabeba nini kwa saa

"Mtandao leo mzito" si kipimo. Kipimo ni Mbps, yaani megabiti kwa sekunde, na hapo ndipo watu wengi wanapopotea. Faili hupimwa kwa baiti, mtandao hupimwa kwa biti, na baiti moja ni biti 8. Kwa hiyo Mbps 1 inakuletea kilobaiti 125 kwa sekunde, si megabaiti moja. Ndiyo maana Task Manager ya Windows itakuandikia Mbps 1 na kivinjari, kama Chrome, kikuandikie KB 125 kwa wakati ule ule, na vyote viwili vinasema kweli.

Hesabu ya kichwani ninayoitumia ni hii: chukua ukubwa wa faili kwa GB, zidisha kwa saa mbili na robo, gawanya kwa Mbps zako. GB 1 kwenye Mbps 1 ni kama saa mbili na robo. Faili zima la kusimika Windows 11 nililowahi kulitumia, lenye GB 5.4, kwenye Mbps 2 ni saa sita, na hapo hakuna mtu mwingine anayegusa mtandao. Ukishaijua hesabu hii huchungulii tena asilimia kila dakika mbili. Unajua kama faili litaisha kabla ya Adhuhuri au halitaisha leo.

Pima kwa nyakati tatu tofauti: mchana watu wakiwa kazini, saa mbili usiku kila mtu akiwa na simu kitandani, na saa kumi alfajiri. Sipendi zile tovuti za kupima kasi kwa mtu wa bando, kwa sababu zenyewe zinakula data ili kukupa jibu. Shusha faili ambalo ulikuwa unalihitaji hata hivyo, uangalie saa ya ukutani. Dukani kwangu mchana ni Mbps 2 ikijitahidi, na saa kumi alfajiri inafika 9. Faili lile lile la saa sita linakuwa la saa moja na dakika ishirini. Nimeandika namba hizo kwenye kikaratasi, kimebandikwa juu ya mashine ya fotokopi.

Hatua ya 2: Mtafute anayekula

Kabla ya kubadilisha chochote, uliza kompyuta yenyewe. Kwenye Windows 11 fungua Settings, kisha Network & internet, kisha Advanced network settings, kisha Data usage. Kwenye Windows 10 Data usage iko kwenye ukurasa wa Status, chini ya Network & Internet. Utaona kila programu imekula kiasi gani. Ukikuta System imeongoza na wewe hukushusha kitu, mara nyingi ni apdeti. Ukikuta kivinjari kimeongoza, hapo si apdeti; ni dogo wa zamu ya jioni na mechi za Coastal Union.

Na angalia rauta ina wageni wangapi. Mimi nilikuta simu nane, na dukani tulikuwa watu watatu. Nilibadilisha nywila, majirani wawili hawakunisalimia wiki nzima.

Hatua ya 3: Iambie mashine kwamba intaneti hii inalipiwa kwa kipimo

Hiki ndicho kitufe chenye faida kuliko vyote, na watu wengi hawajawahi kukigusa. Kompyuta ikiona waifai inadhani waifai ni ya bure, haina mwisho, kama kule ilikotengenezwa. Haijui kwamba nyuma ya waifai hiyo kuna laini ya simu na bando la wiki.

Windows: Settings, Network & internet, Wi-Fi, ingia kwenye properties za mtandao wako, washa Metered connection. Baada ya hapo Windows haitashusha apdeti nyingi peke yake, itakuambia zipo na kukusubiri. Vitu vichache vya lazima vinaweza kupita, na viache vipite. Kisha nenda Windows Update, Advanced options, uhakikishe pale palipoandikwa Download updates over metered connections pamezimwa, la sivyo umefunga mlango na kuacha dirisha wazi.

Kuna mtego hapa ulionigharimu bando zima. Mpangilio huu unashikamana na jina la mtandao, si na kompyuta. Siku nilipobadilisha nywila ya rauta nikaona nibadilishe na jina lake pia, liwe zuri. Kompyuta zote nne zikauona mtandao mpya, ngeni kabisa, zikasahau kila nilichoziambia. Ukibadilisha jina, au ukitumia hotispoti ya simu nyingine hata kwa siku moja, rudia kuwasha Metered.

Simu za Android zina mtego wa aina hiyo hiyo. Kwenye Play Store, gusa picha yako, Settings, Network preferences, Auto-update apps. Wengi wanachagua Over Wi-Fi only wakidhani wamepona. Kama waifai yako ni kirauta cha laini, hujapona kitu. Chagua Don't auto-update apps. Kisha rudi kwenye mipangilio ya waifai ya simu, gusa jina la mtandao wako, tafuta pa kuutendea kama wa kulipia, pameandikwa Treat as metered, na simu itauheshimu mtandao huo kama inavyoiheshimu data ya laini.

Mwenye iPhone azime Automatic Downloads kwenye App Store na Automatic Updates kwenye General, Software Update, na kwenye jina la waifai awashe Low Data Mode. Inatosha.

Hatua ya 4: Chagua ya kuchukua, usizime zote

Kuna fundi mmoja mjini hapa, simtaji, ambaye kila kompyuta inayopita mkononi mwake anaizima huduma ya Windows Update moja kwa moja, halafu anamwambia mteja "nimekuokolea bando". Amemwokolea, ndiyo. Ila tarehe 14 Machi 2017 Microsoft walitoa apdeti iliyoziba tundu moja la Windows, na tarehe 12 Mei 2017 kirusi cha WannaCry kikapita kwenye tundu hilo hilo kikafunga kompyuta katika nchi nyingi, zikiwamo za hospitali za Uingereza. Siku 59 katikati. Mtu aliyechelewa wiki moja hakupata neno. Mtu aliyechelewa wiki tatu hakupata neno. Aliyezima kabisa ndiye aliyelia.

Kwa hiyo unaruhusiwa kuchelewa, ila usiache. Windows yenyewe inakupa kitufe cha Pause updates hadi wiki tano, na mimi nakitumia bila haya.

Apdeti za usalama za Windows hutoka Jumanne ya pili ya kila mwezi, saa nne asubuhi ya pwani ya magharibi ya Marekani, ambayo kwetu ni saa mbili au saa tatu usiku kutegemea majira yao. Ukiona mtandao umekuwa mzito ghafla Jumatano inayofuata, umeshajua. Na jambo zuri ni hili: apdeti hizo ni za kujumlisha. Ya mwezi huu imebeba na ya mwezi uliopita na ya mwezi wa kabla yake. Ukikosa miezi miwili hudaiwi mafaili matatu. Chukua la mwisho tu. Zile zinazotoka mwishoni mwa mwezi, zimeandikwa Preview, ni za hiari. Ziache. Zitakuja ndani ya ya mwezi ujao.

Mpangilio wangu wa kuchagua uko hivi. Kivinjari kwanza, maana ndicho kinachokutana na watu wa nje kila saa. Kisha ya usalama ya mwezi. Kwenye simu, programu za benki na za pesa za mitandao ya simu, na WhatsApp, ambayo toleo likizeeka sana linakataa kufunguka na kukuacha na wateja wanaotuma picha za vyeti mahali usipoweza kuzipokea. Michezo, mapambo ya skrini na programu uliyoifungua mara ya mwisho wakati wa masika ya mwaka jana, hizo hazisasishwi, hizo zinafutwa. Programu iliyofutwa haiombi apdeti.

Dereva za printa, yaani programu zinazoiendesha, nina msimamo: printa ikichapa, usiiguse.

Wenye Windows 10 nao wasikie. Apdeti zake za bure za usalama zilikoma tarehe 14 Oktoba 2025, isipokuwa kwa waliojiandikisha kwenye mpango wa nyongeza. Nilimsikia mtu kijiweni akisema alhamdulillahi, sasa bando litapona. Bando litapona, lakini nyumba sasa haina komeo. Ukiamua kubaki nayo kwa sababu mashine haina uwezo wa Windows 11, angalau hakikisha kivinjari kinaendelea kusasishwa, na usiitumie kuingilia benki.

Hatua ya 5: Shusha mara moja, gawa humu humu

Ziko njia mbili, na kila moja ina mahali pake.

Ya kwanza ni kuziacha kompyuta zigawane zenyewe. Kwenye Windows Update, Advanced options, kuna Delivery Optimization. Washa Allow downloads from other PCs, kisha chagua Devices on my local network. Usichague ile ya pili inayotaja na intaneti, kwa sababu hapo kompyuta yako itaanza kuwapakulia watu wa mbali usiowajua, kwa bando lako. Ukishaweka hivyo kwenye mashine zote, washa moja peke yake, iache imalize kushusha, usiizime. Ndipo uwashe ya pili na ya tatu na uzibonyezee Check for updates. Zitachota kwa mwenzao kupitia rauta, na kinachopita baina ya kompyuta na kompyuta ndani ya duka hakihesabiwi kwenye bando. Ukifungua Activity monitor utaona sehemu iliyotoka intaneti na sehemu iliyotoka kwa jirani. Mara ya kwanza nilipoiona ile ya jirani inapanda nilimwita dogo aje ashuhudie.

Mambo mawili yanaivuruga njia hii. Metered ikiwa imewashwa, kugawana hakufanyi kazi, kwa hiyo kwa usiku huo mmoja izime, na asubuhi uirudishe. La pili, laptopu ichomekwe chaji. Zikiwa kwenye betri huwa hazina ukarimu.

Hapo hapo kwenye Delivery Optimization kuna Advanced options yake, na humo kuna Absolute bandwidth. Andika kikomo cha Mbps ambacho apdeti haziruhusiwi kukivuka. Mimi mchana nimeweka nusu Mbps. Apdeti ikitaka kutambaa itambae, mteja wa fomu asijue.

Njia ya pili ni kulichukua faili kwa mkono. Microsoft wana tovuti inaitwa Microsoft Update Catalog. Unaandika namba ya apdeti inayoanza na herufi KB (hapa si kilobaiti), ambayo utaiona kwenye Windows Update inapokuomba ruhusa, unachagua linalolingana na toleo lako, unashusha faili la aina ya msu. Toleo lako utalijua kwa kubonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, kuandika winver, na kubonyeza Enter. Kompyuta nyingi zina prosesa ya aina ya x64. Usichukue la arm64 kwa sababu tu liko juu kwenye orodha. Ikiwa namba moja ina mafaili zaidi ya moja, shusha yote na uyaweke folda moja.

Lakini piga hesabu kabla. Faili la Catalog limebeba kila kitu kwa kila hali, kwa hiyo ni kubwa kuliko kile ambacho Windows Update ingevuta kwa mashine moja iliyo karibu kuwa ya kisasa. Kwa Windows 11 za karibuni linaweza kuwa GB kadhaa. Mwenye kompyuta moja atapata hasara kwa njia hii. Mwenye maabara ya kompyuta kumi na tano zilizopitwa miezi minne, huyo atapata faida ambayo mkuu wa shule ataiona kwenye risiti. Ukubwa umeandikwa pembeni ya kila faili, kwa hiyo huna sababu ya kubahatisha.

Mwenye mashine za Linux za jamii ya Debian au Ubuntu ana raha zaidi. Simika programu ya apt-cacher-ng kwenye mashine moja, zielekeze nyingine kwake kupitia mlango (port) wa 3142, na kila kifurushi cha programu kitashushwa mara moja tu kwa duka zima. Niliipanga mchana mmoja na sijaigusa tena.

Hatua ya 6: Kazi ya usiku

Kivinjari si chombo cha kushushia faili la saa sita. Mtandao ukikatika kwenye asilimia 91, mara nyingine kinaanza upya kana kwamba hakukuwa na kilichotokea. Tumia kitu kinachokumbuka kilipoishia. Huna haja ya kusimika programu, maana Windows 10 na 11 zina curl ndani yake. Fungua Command Prompt, nenda kwenye folda unayotaka faili liingie, andika:

curl -L -C - -O "anwani_ya_faili"

Ile -C na kistari kinachofuata ndiyo siri: inamwambia aendelee alipoishia. Mtandao ukikatika, ukirudi unabonyeza mshale wa juu, amri ile ile inarudi, Enter, anaendelea. Kwenye Linux wget -c inafanya kazi hiyo hiyo. Angalizo moja: baadhi ya viungo vya kushushia mafaili ya Windows huwa na muda wa kuishi, hivyo chukua kiungo jioni ile ile unayoanza, si siku mbili kabla.

Umeme wenyewe upangie. Laptopu ina betri, rauta haina. Kirauta kidogo chenye betri yake ndani ndicho ninachotumia usiku, kile kikubwa nakiacha kwa mchana. Na zuia kompyuta isilale: Settings, System, Power, weka Never kwenye muda wa kulala ikiwa kwenye chaji. Skrini ruhusu izime. Nimeshawahi kuamka saa kumi na moja kwa furaha nikakuta laptopu imelala tangu saa sita kasorobo, faili liko asilimia 8. Nililiangalia, nikaenda kusali.

Faili likikamilika, lihakiki kabla ya kuligawa. Kwenye Command Prompt andika certutil -hashfile, jina la faili, kisha SHA256. Utapata mstari mrefu wa herufi na namba. Ulinganishe na ule uliowekwa na waliotoa faili. Si lazima usome wote. Mimi naangalia herufi sita za mwanzo na sita za mwisho. Zikitofautiana, faili limeharibika njiani, na afadhali ujue sasa kuliko kujua mashine ya nne ikiwa imegoma katikati.

Kusimika, yaani ile sehemu ya kiduara na asilimia, hakuhitaji intaneti kabisa, kunahitaji umeme tu. Kwa hiyo kugawe: kushusha alfajiri, kusimika jioni baada ya kufunga. Kisichotakiwa ni kusimika saa tatu asubuhi mbele ya mama wa watu.

Hatua ya 7: Baiskeli

Shemeji yangu anafanya kazi ofisi moja kule Raskazone yenye intaneti ya mkongo. Nilipohitaji lile faili la GB 5.4 niliomba alishushe kwa ruhusa ya ofisi yake, nikapanda baiskeli na flashi ya GB 32 mfukoni. Kurudi Ngamiani, bila haraka, dakika ishirini. Nikapiga hesabu njiani: GB 5.4 kwa dakika 20 ni Mbps 36. Hakuna bando hapa mjini lililowahi kunipa Mbps 36, na baiskeli ni ya mwaka nisioujua.

Ila safari ya kwanza nilirudi mikono mitupu. Kule ofisini kompyuta iligoma kunakili, ikasema faili ni kubwa mno, na flashi ilikuwa na nafasi tele. Tulibadilisha tundu la USB, tukabadilisha kompyuta, shemeji akaanza kuilaumu flashi ya Kichina. Kumbe flashi ilikuwa imeumbizwa kwa FAT32, mpangilio wa zamani wa kuhifadhi mafaili, na FAT32 haikubali faili moja linalofika GB 4, hata flashi ingekuwa na ukubwa wa bahari. Dawa ni dakika moja: hamisha vilivyomo, bonyeza kitufe cha kulia juu ya flashi, Format, chagua exFAT. Inafuta kila kitu, kwa hiyo hamisha kwanza, nasema tena.

Flashi ya apdeti iwe ya apdeti tu. Yangu ina uzi mwekundu. Haiingii kwenye kompyuta ya mteja, haibebi nyimbo, haiazimwi. Flashi za steshenari zinapita kwenye mashine za watu arobaini kwa siku, na virusi vya kugeuza mafolda kuwa njia za mkato bado viko hai mjini. Kubeba dawa ya virusi kwenye flashi yenye virusi ni kichekesho ambacho nimeshakishuhudia.

Siku ya mwisho ya fomu

Kuna siku hakuna hatua inayosaidia. Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za baharini, EASSy na Seacom, zilikatika, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoumia zaidi. Siku kama hiyo usizime na kuwasha rauta mara ishirini. Muulize mwenye laini ya mtandao mwingine. Zote zikiwa nzito, tatizo haliko dukani kwako.

Kwa siku za kawaida ambazo fomu inafungwa saa sita usiku, nafanya hivi tangu asubuhi: Pause updates kwa wiki moja kwenye mashine zote, waifai inazimwa kwenye zote isipokuwa ile inayojaza fomu, simu yangu inatoka kwenye waifai ya duka, na dogo anaarifiwa kwamba leo hakuna mechi. Vyeti vya mteja navipunguza ukubwa kabla ya kuvipandisha, maana kwenye laini nyingi kupandisha ni kuzito kuliko kushusha. Nabakiza GB 1 ya akiba kwenye laini ya pili ambayo siitumii kwa kingine.

Watu wa Tanga tunajisifu kwa kusema waja leo waondoka leo. Mwombaji wa kazi naye anataka hivyo hivyo: aje leo, fomu iondoke leo. Pause inaondolewa kesho yake, saa kumi alfajiri.